Simu yangu naiosha kama mashine

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Karakana yangu iko Tudor, Mombasa, kando ya hori, na siku za bamvua maji hufika hatua chache kutoka mlangoni. Kutwa mikono yangu ina mafuta, petroli na chumvi, na simu imo humo humo. Kabla sijafungua gia naipiga picha, nijue kila kipande kilikaa vipi. Wateja wanilipa kwa M-Pesa. Tukitoka kujaribu mashine, simu ndiyo inayonionyesha boti yaenda kasi gani. Siku simu imekufa, nusu ya kazi yangu imesimama.

Simu za kawaida nilizimaliza tatu ndani ya miaka miwili. Ya mwisho ilinichopoka mfukoni ikaanguka kwenye ngama, kwenye yale maji meusi ya bahari yaliyochanganyika na petroli, na nilipoinama kuitoa ilikuwa imeshazima. Picha za kazi za miezi saba zilikwenda nayo. Zilikwenda pia picha za marehemu nyanya yangu, nilizompiga Idi yake ya mwisho akiwa amekaa barazani na kanga mpya. Pesa za simu nilizirudisha kwa kazi ya wiki tatu. Zile picha sikuzirudisha.

Ndipo mwaka 2020 nikaenda mjini nikanunua simu ngumu kwa shilingi 31,500. Ilikuwa na gramu 370, betri kubwa ya mAh 8,000, mpira mweusi kwenye pembe zote nne, skrubu zinazoonekana mgongoni, na kifuniko kidogo cha mpira kwenye tundu la chaji. Kijana wa dukani akaniambia, "Hii bwana, ogelea nayo." Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Kwenye boksi iliandikwa IP68. Maana yake niliielewa baadaye sana. Ile 6 ni ya vumbi, kwamba haliingii kabisa. Ile 8 ni ya kuzama majini, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja. Boksi langu lilisema mita 1.5 kwa dakika 30. Lakini maji ya jaribio hilo ni maji matamu, yametulia, na simu yenyewe ni mpya. Hakuna wimbi, hakuna chumvi, hakuna mchanga, hakuna petroli. Chini yake kulikuwa na MIL-STD-810, ambayo ni kanuni ya majaribio ya jeshi la Marekani. Katika jaribio la kuanguka, simu huangushwa kutoka mita 1.22, mara 26, kila ubapa, kila ukingo na kila pembe, juu ya ubao uliolazwa kwenye zege, na zile mara 26 zaweza kugawanywa kwa simu hadi tano. Tena mtengenezaji huchagua mwenyewe ni majaribio gani afanye na yapi ayaache. Gati letu halina ubao. Ni zege na jiwe la matumbawe lenye meno.

Sisemi maandishi hayo ni uongo. Simu ile ilianguka mbele yangu mara nisizoweza kuhesabu, mara moja kutoka juu ya sitaha ya jahazi hadi kwenye gati, na kioo hakikupasuka. Kwa kuanguka ilinitosha. Iliyoishinda ni chumvi.

Miezi mitano ya kwanza niliitumia bila hofu. Nikirudi baharini naipangusa kwa tambara, nakifungua kile kifuniko, naichomeka chaja, naingia kula. Siku moja chaji ikagoma. Nikageuza waya, ikakubali kidogo, ikagoma tena. Nikachukua lenzi ninayokagulia plagi, nikaimulika kwa tochi ndani ya lile tundu. Kile kiulimi cha katikati chenye vijino vya shaba kilikuwa kimebadilika rangi. Vijino vingi vilikuwa bado vyang'aa. Lakini vile vinavyopitisha umeme wa chaji vilikuwa vimeota kijani, kama senti ya zamani iliyozikwa mchangani, na kimoja kilikuwa kimeliwa hadi kikakatika.

Nilikaa kimya juu ya kigoda changu muda mrefu, kwa sababu jambo lile nalijua tangu utotoni. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Ukitia umeme kwenye chuma kilicholowa chumvi, chuma huliwa, na huliwa haraka kuliko kikiachwa kishike kutu chenyewe. Ndiyo maana kila mashine ninayofunga ina kipande cha zinki, kiliwe chenyewe kwanza ili mwili wa mashine usalimike. Na ndiyo maana kila mashine inayorudi kutoka baharini tunaiwasha ndani ya pipa la maji ya mfereji, dakika kumi, chumvi itoke kwenye njia zake zote za maji kabla haijakauka. Mwanagenzi akisahau pipa namkemea mbele ya watu. Na mimi miezi mitano nilikuwa nachomeka umeme ndani ya tundu lenye unyevu wa bahari, kila siku, kwa mkono wangu.

Kile kifuniko cha mpira ndicho kilichokuwa kikizuia maji. Ukikifungua, simu yako si ya IP68 tena, ni tundu tupu. Na kwenye shingo yake, pale mpira unapokaa, palikuwa na chembe mbili za mchanga. Mchanga wa unene wa unywele watosha. Mpira haukai, maji yapata njia.

Nilibadilishiwa tundu la chaji kwa shilingi 1,800, na tangu siku ile simu yangu naiosha kama mashine. Nikitoka baharini naizima. Naishika chini ya mfereji unaotiririka polepole, vifuniko vikiwa vimefungwa, naipitisha mbele na nyuma, spika na kamera, sekunde 30 au zaidi. Sitii sabuni, kwa kuwa sabuni hulainisha maji yakapenya pale maji matupu yasipopenya. Simwagii maji ya kasi. Kisha naikung'uta, tundu likiangalia chini, naipangusa, naiweka mbele ya feni. Chaja haiingii kabla ya saa tatu au nne kupita. Betri ya mAh 8,000 hufaa hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu yaniwezesha kungoja.

Mpwa wangu, anayejifunza kazi kwangu, aliwahi kuniuliza, "Mjomba, kwani hatuitii kwenye mchele?" Nikamwambia mchele hauondoi chumvi. Maji yatakauka, chumvi itabaki ndani imekaa juu ya shaba, na siku hewa ikiwa na unyevu, na hapa kwetu ni siku gani haina, itaanza kula tena. Chumvi huondolewa kwa maji matamu, basi. Mchele utie nazi ule.

Kosa langu la pili lilikuwa dogo kwa sura. Watu wakaanza kuniambia sauti yangu yawafikia kama niliyefunikwa blanketi. Nikaona kijitundu cha maikrofoni kimejaa uchafu wa grisi. Nikachukua sindano, nikadokoa mara mbili, tatu. Nikasikia kitu kikitoboka, kwa vidole zaidi kuliko kwa masikio, kama ngozi ya yai la kuchemsha ukiigusa kwa ukucha. Sauti ikawa safi. Nikafurahi.

Nyuma ya vijitundu vile kuna utando mwembamba sana, unaopitisha hewa na sauti lakini haupitishi maji. Huo ndio nilioutoboa. Simu ngumu hulindwa na vitu viwili, mpira na utando, na vyote viwili ni dhaifu kuliko mkono wa fundi aliyezoea spana. Siku hizi maikrofoni naisafisha kwa mswaki laini wa mtoto, mkavu, simu ikiwa imeinamishwa uchafu uanguke nje. Petroli nayo siisogezi karibu. Zamani nilikuwa nikiipangusa simu kwa lile tambara la kusafishia kabureta kwa sababu huondoa grisi upesi, mpaka nikaona kile kifuniko kimevimba na hakiingii tena kwenye shingo yake. Nilijaribu pia kupaka grisi kidogo mpira uteleze. Mchanga ukanata kwenye grisi, hali ikawa mbaya zaidi.

Mwaka 2022 betri ilichoka. Nikaipeleka kwa fundi simu, kijana hodari, mkono mwepesi. Alipasha mgongo wa simu moto, akaufungua, akatoa betri, akatia nyingine, akaubandika mgongo kwa gundi ya tyubu, yote kwa dakika 25. Mimi niliyesimama pale ni mtu ambaye siku zote nikifungua kichwa cha mashine, gaskiti ya zamani, ile ya kuziba kiungo, naitupa hata kama yaonekana nzima. Gaskiti haifungwi mara mbili. Mteja akiniomba niirudishe ile ile apunguze gharama, namkatalia. Lakini kwa simu sikuuliza. Sikuuliza kama ile gundi ya kiwandani, ule utepe mweusi unaozunguka ukingo wote, umetolewa kabisa na kuwekwa mpya. Sikumlaumu kijana wakati ule na simlaumu leo, kwa sababu sikumwambia simu ile huenda majini. Yeye alibadilisha betri kama nilivyomwomba.

Januari iliyofuata, kaskazi imetulia, bahari kama kioo, tulitoka na mteja kujaribu mashine mpya, tukavua kidogo tukirudi. Simu nilikuwa nimeiacha juu ya benchi la boti, jua la saa saba likiipiga. Nilipoishika iliniunguza kiganja, na kwenye skrini iliandikwa kwamba imepata moto kupita kiasi. Ilikuwa na damu ya samaki. Nikainama ubavuni mwa boti, nikaichovya baharini, nikaisugua kwa kidole, nikaitoa. Sekunde tano hivi.

Chukua chupa ya plastiki tupu iliyokaa juani, ifunge kizibo ingali na moto, kisha itumbukize kwenye maji baridi. Itajikunja mbele ya macho yako. Hewa ya ndani ikipoa hupungua ukubwa, ikavuta kuta. Simu haina kuta za kujikunja, kwa hiyo huvuta kupitia popote penye ufa: kwenye gundi ya tyubu, kwenye utando uliotobolewa na sindano. Hivyo maji ya bahari hayakupenya tu. Niliyavuta ndani mwenyewe.

Kabla hatujafika chini ya daraja la Nyali, kioo cha kamera kilikuwa kimefanya ukungu. Niliizima papo hapo, na tulipofika karakanani nikaifungua simu, nikachomoa betri, nikaiosha bodi kwa spiriti. Iliwaka siku mbili. Ya tatu haikuwaka.

Lakini picha zote nilikuwa nazo. Baada ya yale ya nyanya, kila Ijumaa jioni nilikuwa nahamisha picha kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye kompyuta ya mke wangu. Ile simu niliizika bila uchungu kama wa mara ya kwanza, na kwa hilo namshukuru Mola.

Ya sasa niliichagua kwa macho mengine. Niliangalia kwanza kama yachajiwa bila waya, ili tundu lisifunguliwe kila siku. Hilo tu kwangu lina thamani kuliko kamera. Niliangalia kama kuna kitufe cha pembeni unachoweza kukipangia kazi, kwa sababu skrini ikilowa maji ya bahari hudhani kila tone ni kidole. Hufungua hiki, hupiga simu kule, na wewe huwezi kuwasha hata tochi. Kitufe changu nikikibonya mara moja huwasha tochi, mara mbili hupiga picha, mikono ikiwa imelowa au la. Na niliangalia kama ina kipimo cha mkandamizo wa hewa, ambacho nitakieleza.

Maboresho niliyoifanyia ni ya mikono. La kwanza ni boya. Simu ya gramu 370 huzama kama jiwe, na ikizama kwenye mkondo wa Kilindini, IP68 haikusaidii kitu. Nilihesabu: urefu wake sentimita 17, upana 8, unene 1.6. Hiyo hufukuza maji ya gramu kama 215 tu. Basi yahitaji kitu cha kuinua gramu 155 zaidi, na ziada kidogo. Nikatafuta maboya madogo ya nyavu, nikayatunga kwenye kamba ya nailoni na kuyafunga kwenye tundu la kamba pembeni mwa simu. Boya moja, ikazama ndani ya pipa. Mawili, ikazama polepole, ikakaa imesimama wima chini. La tatu, ikapanda yenyewe, kioo juu. Mpwa wangu alipiga makofi. Nilichagua ya rangi ya chungwa, kwani jeusi usiku hulioni. Kamba haikai shingoni wakati nafanya kazi karibu na gurudumu linalozunguka. Huwa kiunoni, na fundo lake ni la kufunguka ukilivuta kwa nguvu. Nimeona mkono wa mtu ulivyovutwa na mkanda. Shingo sitaki kuiona.

La pili nililiondoa. Nilikuwa nimebandika sumaku mgongoni ili simu ishike kwenye kishikio mbele ya usukani. Ilikaa vizuri sana. Lakini karakana yetu ina unga wa chuma kila mahali, na sumaku iliukusanya wote mpaka ukaota ndevu. Halafu jioni moja tukirudi kutoka upande wa Mtwapa, mvua ikafunga pwani yote, nikaangalia dira ya simu nikamwambia nahodha aelekee kushoto. Mzee yule hakusema neno, aliangalia wimbi linakotoka, akaangalia mkono wangu, akasema, "Mwanangu, kusi yatoka huku. Hiyo yako yakwambia yatoka wapi?" Dira ya simu husoma usumaku wa ardhi, ambao ni hafifu, na mimi nilikuwa nimeibandikia sumaku yenye nguvu sentimita moja nyuma yake. Tulifuata wimbi, na mvua ilipofunguka taa za Ras Serani zilikuwa pale pale aliposema. Sumaku niliing'oa usiku ule ule. Sasa kuna kishikio cha kubana, cha plastiki.

GPS yenyewe, ile inayoonyesha ulipo, haikuharibiwa na sumaku, na wala haihitaji bando. Simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti. Kinachohitaji intaneti ni ramani, kwa hiyo naipakua nyumbani kabla ya kutoka.

Kuhusu kuibadilisha programu sitasema mengi. Nilijaribu kwenye ile ya kwanza kufungua mfumo wake wote nitie Android nyingine. Kufungua huko kulifuta kila kilichokuwemo, na baadaye programu ya benki ikakataa kufunguka kwa sababu simu haikuwa tena na mfumo inaouamini. Kwa mtu anayelipwa kwa simu hilo halifai. Kwenye hii nimeziondoa tu kwa kompyuta zile programu zilizokuja nayo zisizo na kazi, na betri imepata nafuu. Pia nimeandika namba yake ya utambulisho, IMEI, ile inayotokea ukipiga *#06#, kwenye daftari la karakana, kwa sababu feri ya Likoni saa za jioni ina mikono mingi.

Ile ya mkandamizo wa hewa niliahidi. Simu yenye kipimo hicho, ukiweka programu ya kuonyesha namba, hukuambia mkandamizo wa hewa ulio ndani yake. Ukiibana simu kwa nguvu kwenye kioo na mgongo, nafasi ya ndani hupungua kidogo. Ikiwa imeziba sawasawa, namba hupanda, kisha hushuka taratibu, kwa kuwa hewa hutoka kupitia utando. Ikiwa ina ufa, namba karibu haitikisiki.

Mwezi wa nne nilimpelekea fundi simu hii abadilishe betri. Ni kijana yule yule. Nilimwambia kabla hajashika chochote: huenda baharini, na utepe wa ukingo uwe mpya, wa simu ya aina hii, na gundi ya zamani ikwanguliwe yote. Ilimchukua saa mbili, na siku tatu za kungoja utepe uje. Alipomaliza nilifungua programu nikaiweka mezani kwake. 1011. Nikaibana kwa vidole gumba viwili, naye akainama kutazama pamoja nami. 1014, 1017. Nikashikilia. Ikaanza kushuka, 1016, 1015, polepole.

"Yashika," akasema. Nikamlipa, nikashuka zangu Tudor, ambako boti yangojea majini tangu asubuhi.